Jicho Jeupe kwenye Vyungu vya Mama Numbi

Siku Mama Numbi anapochoma vyungu, usimsalimie. Wageni wa avenyu yetu hapa Kikula hujifunza jambo hili kwa aibu. Mtu anapita njia yake, anatoa salamu kwa adabu zote, na mama yule anamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu bila kujibu. Akijibu, anasema, neno litaingia motoni na kutafuta chungu cha kupasua. Ukirudia salamu anachukua ufagio. Mimi, Mama Reine, ni jirani yake wa ukuta mmoja, nashona nguo, na cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo nimewaona wengi wakisimama pale njiani midomo wazi. Nimecheka sana, sikatai.

Miiko yake ni mingi. Mwanamke aliyetoka kugombana asisogelee udongo. Mtu asiruke juu ya udongo uliokandwa. Asiyeitwa asiguse. Hayo alipewa na mama yake, mfinyanzi wa upande wa Bukama, pamoja na ufundi wenyewe, na hajawahi kutenganisha kipi ni ufundi na kipi ni mwiko. Ukimuuliza atakwambia vyote ni kazi.

Jina lake kamili ni Blandine Numbi. Ni mjane wa fundi wa kiwandani, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, mwembamba wa mwili lakini mwenye viganja vipana. Hana gurudumu la kufinyangia wala hataki kulisikia. Anaviringisha udongo kuwa kamba nene, analaza kamba juu ya kamba, na badala ya chungu kuzunguka, anazunguka yeye, ameinama, akirudi kinyumenyume. Kisha anakwangua kwa kipande cha kibuyu, anasugua kwa kokoto ya mtoni, na mwisho anaviringisha gunzi la muhindi shingoni mwa chungu ili liache vitone vidogo vilivyopangana. Chini ya vitone anachora mistari inayokatana. Aliwahi kuniambia kwamba mistari ile ni ya tumbo la mama yake. Wanawake wa zamani walichanjwa chale hivyo, na yeye alipokuwa mtoto mgongoni na kifuani pa mama yake alizijua kwa vidole kabla hajajua kusema.

Na watu wananunua, msidhani ni kazi ya makumbusho. Umeme wetu unakwenda na kurudi unapotaka wenyewe. Friji ya jirani wa upande wa pili siku hizi inawekewa viatu. Mtungi wa Mama Numbi hauulizi umeme, maji yake ni baridi mchana kutwa. Maharage ya chungu chake nayo yana ladha ambayo sufuria haiijui. Hata wale wenye nyumba za geti wanatuma madereva.

Kitu kingine mnachopaswa kujua ni kwamba Mama Numbi hamwamini mtu. Simlaumu. Mji huu unafundisha. Mtu anakuuzia simenti nusu yake majivu, anakuuzia dawa ya homa iliyotengenezwa kwa unga wa muhogo, na anakuapia kwa jina la Yesu. Mimi mwenyewe nikipewa zawadi nauliza kwanza ya nini. Lakini mimi nauliza na kusahau, yeye anauliza na kuweka moyoni.

Mwanawe wa pekee, Hilaire, anachimba mawe ya shaba huko Kambove na kurudi nyumbani Jumamosi. Alimwoa Hadassa, binti wa kutoka Kamatanda, ambaye baba yake anachoma matofali na familia yao yote inasali katika kanisa la uamsho, wale wa kupiga makofi na kufunga kula. Siku ya kuletwa kwa bibi harusi, Mama Numbi alimwuliza padri pembeni kama Hadassa ni jina la mtakatifu yeyote. Padri alimwambia ni jina la kwenye Biblia. Akakubali, lakini uso wake haukukubali.

Miaka mitatu ikapita bila mtoto. Mnajua avenyu zetu. Mwanamke asiye na mtoto anahesabiwa hatua. Anamsalimia nani, anamtazama nani mgongoni, mbona ameshika mtoto wa fulani kwa muda mrefu vile. Hadassa alijitetea kwa kazi. Aliomba kujifunza ufinyanzi, na baada ya kukataliwa na kukataliwa tena, akaruhusiwa kwanza kubeba udongo kutoka bondeni, halafu kutwanga vigae vya zamani vinavyochanganywa na udongo ili uvumilie moto, halafu kukanda, na mwishowe kufinyanga. Chungu chake cha kwanza nilikiona. Unene wake ulikuwa sawa pande zote. Mama Numbi alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, akakirudisha chini bila neno. Kwa anayemjua, hiyo ilikuwa sifa kubwa, na ilikuwa pia mwanzo wa mashaka. Aliniuliza baadaye kwenye ukuta: mtoto wa matofali amepata wapi mkono ule?

Mtungi ulioanza kuharibika ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeununua mzima, mwekundu, unalia vizuri ukiugonga. Wiki mbili hivi baadaye, niko kwenye cherehani, nasikia kitu kinatoa sauti ndogo ndani ya nyumba. Naenda kutazama, nakuta gamba la udongo la ukubwa wa kitufe liko sakafuni, na ubavuni mwa mtungi pana shimo. Katikati ya shimo kuna nukta nyeupe. Hakuna aliyeugusa, hakuna aliyekuwa ndani. Nilirudi nje nikakaa kwenye jua kali lote lile hadi mtu mwingine aliporudi nyumbani.

Kesho yake lilitoka gamba jingine, na jingine. Nikaubeba mtungi nikampelekea mwenyewe. Mama Numbi akautazama muda mrefu, akaingiza ncha ya kidole kwenye shimo, na kusema kwamba lile ni jicho.  Wiki ile ile vilirudishwa vyungu vingine, vyote na ugonjwa ule ule, vyote na nukta nyeupe. Kimoja kilikuwa kimepelekwa kwenye harusi kama zawadi, kikaanza kutema magamba mezani mbele ya wageni, na bibi harusi akalia. Habari hiyo ilifika sokoni kabla ya bibi harusi kufuta machozi.

Kuna mambo yanayovunja vyungu, na Mama Numbi aliyajua yote. Udongo wenye maji unapasuka motoni. Upepo ukiupiga moto upande mmoja, chungu kinapata ufa. Lakini chungu kilichotoka motoni kizima, kikapoa kizima, kikauzwa kizima, halafu kikajila chenyewe katika nyumba ya mtu, hilo hakuwahi kuliona wala mama yake hakuwahi kumsimulia. Kwake jibu lilikuwa moja. Kuna mtu.

Tulianza na wa mbali. Wauza sufuria wa sokoni walishukiwa, maana biashara yao ilikuwa imepungua. Mteja mmoja aliyesifia sana vyungu bila kununua alishukiwa pia. Mimi nilishukiwa, nina hakika, maana kwa siku kadhaa aliacha kuniomba moto wa kuwashia mkaa. Lakini mashaka hayapendi kutembea mbali. Yalirudi nyumbani yakamkuta Hadassa ameinama juu ya udongo. Nani anaukanda? Nani ameanza kufinyanga karibu na wakati ule ule? Nani tumbo lake ni tupu na kila siku anatazama matumbo ya vyungu yakijaa? Neno muloji, yaani mchawi, halikutamkwa. Halikuhitaji. Hadassa alipoenda bombani, wanawake walisogeza ndoo zao.

Mama Numbi akajilinda kama alivyofundishwa, kwa pemba. Pemba ni ule udongo mweupe wa baraka, watu wa kwao huwapaka wazazi wa mtoto mchanga na yeyote aliyepata heri. Kila udongo ulipokandwa, alivunjia pemba kidogo ndani ya udongo, akapiga ishara ya msalaba, ndipo kazi ikaanza. Zamani aliletewa na dada yake kutoka kijijini. Dada alipofariki mapema mwaka ule, akawa ananunua mabonge yake kwa Simone, mwanamke anayeuza dawa za mizizi sokoni. Sasa, kwa sababu ya lile jicho, akaongeza. Alikuwa akitia kipande cha ukubwa wa ukucha, akaanza kutia ngumi nzima, akiifikicha kwa vidole mwenyewe huku Hadassa amesimama kando haruhusiwi kuigusa. Na vyungu vikazidi kutema magamba.

Jumamosi moja Hilaire alirudi na vumbi lake la Kambove masikioni. Mama yake alimwandalia bukari, ugali wetu, na mboga, na kando ya sahani ya mboga akaweka sahani nyingine iliyojaa magamba. Ukuta wetu ni mfupi, nilikuwa nakunja nguo za wateja, na siwezi kusema nilikunja haraka. Mama Numbi alimwambia mwanawe kwamba kazi hii ilimsomesha, ilimlisha baba yake alipougua, na sasa inakufa mikononi mwa mtu aliye humu ndani. Yeye ni mzee, hana kazi nyingine. Kama Hadassa atabaki, yeye ataacha udongo. Achague.

Hilaire ni mtu wa mawe, lakini kwa mama yake ni ugali. Alikaa ameinamisha kichwa. Kisha akamgeukia mkewe.

“Hadassa, unayua kintu?”

Hadassa alimtazama mama mkwe wake, halafu akatazama chini. “Minye sikufanya kintu,” akasema.

Mimi nililishika hilo. Ameulizwa kama anajua, anajibu kuhusu kufanya. Mtu safi, nilijiambia, angesema sijui. Mama Numbi naye alilishika, maana nilimwona akitikisa kichwa polepole. Jumapili baada ya misa Hilaire alimfungia mkewe nguo kwenye mfuko mkubwa wa sokoni akampakia kwenye pikipiki kuelekea Kamatanda. Hadassa hakulia. Hata hilo tulilisema vibaya.

Basi nyumba ikawa safi. Mama Numbi alisafisha mahali pa kazi, akamwaga udongo wote uliokandwa na Hadassa, akaenda bondeni mwenyewe kwa miguu yake na kurudi na udongo mpya kichwani. Aliukanda peke yake. Kwa kuwa alitaka kufuta kila kilichobaki cha yule mke, alitia pemba kuliko siku zote, na bonge zima la akiba akaliweka juu ya mdomo wa mtungi mkubwa kabla ya kufunika vyungu kwa kuni, magome na nyasi. Siku ile hata mbuzi wa jirani hakusalimiwa.

Vyungu vilitoka vizuri mno. Vyekundu, na madoa meusi pale moto ulipobusu. Mama Numbi aliniita nije kuviona, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuona meno yake. Akalitoa lile bonge la pemba kwenye majivu, likiwa limepoa, akalitia katika bakuli la maji ili alainishe na kupaka mlango wa nyumba, afunge mambo.

Maji yakachemka.

Hakuna moto chini yake, bakuli la plastiki liko juu ya benchi, na maji yanatokota na kutoa mvuke. Bonge likavimba, likapasuka vipande, vipande vikawa uji mweupe. Mama Numbi aliingiza kidole akakitoa haraka, kimeungua. Mimi nilikuwa nimekwisha kufika getini. Nawaambia ukweli, nilitaja watakatifu wote ninaowajua.

Yeye hakukimbia. Alisimama akitazama bakuli, akipuliza kidole. Pemba ameishika tangu utotoni. Pemba ukiitia majini inalainika kimya, na ukiitia motoni inakuwa ngumu. Haichemki. Alienda ndani akatoa sahani ya magamba, akachagua gamba lenye nukta kubwa, akaikwangua ile nukta kwa kucha, akaisaga kidoleni na kuionja kwa ulimi. Akatema. Kisha akakaa chini pale pale penye majivu.

“Ni chaux,” akasema. “Ile ya kupaka nyumba.”

Ilikuwa chokaa, na mabonge yake ni ya mifuko iliyolowa ikagandamana. Baadaye tulikwenda sokoni kumwuliza Simone, na Simone hakuona haya hata kidogo. Pemba ya kweli haifiki tena mjini, alisema, na wateja wanataka kitu cheupe, naye anawapa cheupe. “Bantu bote banaiweka ku uso. Weye peke yako njo unaipika mu moto.” Ningempiga, lakini alikuwa na wateja.

Kwa wasiojua mambo ya moto, ni hivi. Punje za chokaa zilikaa ndani ya udongo. Moto ulizichoma kavu. Chungu kikishauzwa, punje zinakunywa unyevu wa hewa taratibu, zinavimba ukutani mwa chungu, na gamba linaruka. Jicho lile jeupe alilipanda yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, na ishara ya msalaba juu. Kadiri alivyomwogopa Hadassa ndivyo alivyotia zaidi, na alivyotia zaidi ndivyo alivyopata sababu ya kumwogopa. Vile vyungu vizuri vya siku ile navyo vilianza kutema magamba kabla ya mwezi kuisha, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha kidole.

Nilidhani angenyamaza. Wengi wangenyamaza. Kumbe alinijia barazani amevaa kitenge chake cha Pasaka, ameshika kuku, akasema twende wote Kamatanda kwa sababu yeye peke yake atakosa maneno.  Mimi niliogopa kwamba watatufukuza, na moyoni nilikuwa upande wao.

Hawakutufukuza. Tulimkuta Hadassa kwenye kiwanja cha matofali cha baba yake, amekunja kitenge magotini, anachagua udongo. Alikuwa anauvunjavunja kwa mkono na kutupa pembeni kila kijiwe cheupe alichokiona. Alituona, akanawa mikono, akatuletea viti. Alimsalimia mama mkwe wake kwa magoti kama kawaida. Mama Numbi aliweka kuku chini, akakaa, akasimama tena, akasema akiwa amesimama yote aliyokuwa ameyapanga.

“Mwanangu, haikukuwa weye. Ilikuwa minye. Ilikuwa ile pemba.”

“Nayua, Mama,” akasema Hadassa.

“Unayua tangu lini?”

“Tangu siku niliiona mara ya kwanza. Ni chaux. Huku kwetu, tofali ikiwa na chaux ndani inapasuka vile vile, inatoka na nukta nyeupe.” Alisema bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Mama Numbi alikaa sasa, polepole. “Njo ukanyamaza? Unaona nyungu zangu zinaisha, unaona wanakusemea mubaya, bwana yako anakurudisha, unanyamaza?”

Hadassa alikausha mikono kwenye kitenge. “Mama, kama ningekuambia, ungeniuliza: weye unayua ngisi gani kile kinapasula nyungu zangu?”

 Mama Numbi alifungua mdomo. Nilimsubiri aseme hapana, mwanangu, nisingekuuliza hivyo. Ni maneno madogo, hata mtoto angeyajua. Aliufunga mdomo akatazama kuku. Hadassa naye alisubiri, nadhani. Kisha akamshukuru kwa kuku na kwa safari, akamwambia kwamba amesamehe, lakini kule Kikula harudi. Hilaire anaijua njia ya Kamatanda, na amekwisha kuambiwa kwamba akimtaka mkewe ahamie huko. Akatusindikiza hadi barabarani, akaagana nasi vizuri, akarudi kwenye udongo wake.

Nilivumilia hadi tulipofika karibu na daraja, kisha hasira zikanitoka. Nilimwambia kwamba alikuwa na mlango wazi mbele yake na ameshindwa kuingia. Neno moja tu na mke angerudi. Angempata mtu wa kumrithisha udongo, na mwanawe asingehama. Alishindwa nini kumwambia yule mtoto kwamba asingemuuliza?

Mama Numbi alitembea, ameshika ncha ya kitenge kisiburute kwenye vumbi.

“Juu ya kuwa ningemuuliza, Mama Reine,” akasema. “Ningemuuliza, na bantu bote basikie.”